Pikapu Iliyokula Oili Wakati wa Mvua

Nyumbani, Kilema
Jumapili, mwezi Juni

Mdogo wangu mpendwa Kornel,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, na marahaba yangu ndiyo hii. Hujambo wewe, na wifi yangu Victoria hajambo? Watoto je, wameizoea baridi ya Mbeya, au bado wanalala na soksi? Sisi huku wote tu wazima. Mama analalamikia magoti yake, lakini analalamika huku akipalilia, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Baba mzima. Ng'ombe amezaa ndama jike, na mimi bado napeleka maziwa na ndizi sokoni Himo. Nimesema wote tu wazima, na ninakuomba ulishike neno hilo wakati wote unaposoma.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu anayekutumia ujumbe kila siku. Jirani yetu Wenseslaus anakuja huko na lori, nami nimemkabidhi mkononi. Kwenye simu huwa unanikatiza, Kornel, tangu utotoni hujui kusikiliza, na habari hii ukiisikia nusu utaumia bure. Kwa hiyo kaa chini uisome mpaka mwisho.

Unakumbuka Krismasi ulivyoicheka pikapu ya Baba kwa kelele zake. Mlipoondoka tu, Baba akatangaza kwamba ataifanyia ovaholi, kuifumua injini yote na kuifunga upya, yeye mwenyewe, hapahapa nyumbani. Mama alipomwuliza kwa nini asiwaachie mafundi wa mjini, alijibu kwamba alikuwa akifungua injini za misheni kabla hao mafundi hawajazaliwa. Basi tukaishusha injini kwa mnyororo chini ya mparachichi. Silinda tulizipeleka Moshi zikachongwe, mengine yote tukayafanya wenyewe: pistoni mpya, ringi, beringi, sili za valvu, gasketi. Macho ya Baba hayaoni tena vitu vya karibu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika taa na kumsomea namba. Tulivipanga vyuma juu ya kitambaa cheupe cha meza cha Mama, kile cha Pasaka, na hilo bado hatujasamehewa.

Mwezi wa pili ikawaka. Ilinguruma taratibu, bila kugonga wala kutoa moshi, na Baba akavua kofia yake akasimama nayo mkononi kama yuko kanisani. Sijawahi kumwona mzee yule akiwa na furaha kiasi kile, hata siku ya harusi yako.

Masika yalipoanza ndipo shida ilipokuja. Kila asubuhi, kabla ya kwenda Himo, mimi huchomoa kile kijiti cha kupimia oili, nakifuta, nakirudisha, nachomoa tena nasoma. Pikapu inalala palepale siku zote, kwenye uwanja wa chini, pua ikitazama nyumba yako na korongo. Oili ikaanza kupungua. Nikaongeza kidogo. Baada ya siku chache imepungua tena, nikaongeza tena. Tulitandika boksi chini ya injini, likabaki kavu. Tulitazama ekzosi, hakuna moshi. Tukakagua maji ya rejeta tukidhani oili imeingia humo, yakawa safi. Na jambo la ajabu kuliko yote, ilikuwa inapungua zaidi kila tukipata mvua kubwa. Nilimwambia Baba kwamba pikapu yake inakula oili mvua ikinyesha. Nilikuwa natania, lakini hakucheka.

Mwishoni ikaanza kutoa moshi wa bluu. Hapo Baba akakata shauri kwamba kosa ni lake. Alisema lazima alizipanga ringi vibaya, kwamba mikono yake imemsaliti, na kwamba mtu asiyeona anachokifunga hana haki ya kufunga injini. Mama alimpikia mtori wa ndizi ukapoa mezani. Kesho yake nikamkuta anapaka grisi spana zake na kuzifunga kwenye gunia, akaniambia nimtafutie mtu wa kuzinunua. Kornel, zile spana. Nililia nikikamua ng'ombe, ng'ombe peke yake ndiye shahidi.

Sikumtafuta mnunuzi. Niliipeleka pikapu Moshi kwa fundi mmoja anayeitwa Yohana, nikamwacha Baba nyumbani kwa sababu alikataa kwenda kusikia aibu yake. Yohana alipima kompresheni, ile nguvu ya mgandamizo, ya silinda moja baada ya nyingine, zikatoka nzuri na zinalingana. Akasema aliyeifunga injini hii anaijua kazi yake. Kisha akachomoa kijiti na kuniuliza ni nani anayejaza oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kabisa. Alinieleza kwamba ikizidi hivyo, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaipiga na kuifanya povu, inapanda hadi kwenye silinda na kuungua, na huo ndio moshi wetu. Niliudhika. Nilimwambia kwamba ninapima mwenyewe kila asubuhi na sijawahi kuvuka alama. Kuhusu mvua akacheka, akasema injini haijui kama kunanyesha. Akaipunguza oili mpaka kwenye alama, nikarudi nyumbani bila moshi.

Asubuhi nikapima. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini.

Nilisimama pale na kijiti mkononi. Moshi hakuna, tone halijadondoka, na oili ya jana haipo. Nikaiendesha mpaka Himo, pale kwenye tambarare, nikanunua chai nikasubiri injini ipoe, nikapima. Iko sawasawa kwenye alama. Nikarudi uwanjani kwetu, nikasubiri tena, nikapima. Imepungua. Hapo nikaelewa kwamba oili haikuwa ikienda popote. Kijiti kiko upande wa nyuma wa injini, na oili ilikuwa imekimbilia mbele. Pikapu ilikuwa imeinama, nasi hatukuiona.

Nilikwenda kumwambia Baba. Alikasirika, kwa sababu uwanja ule aliusawazisha mwenyewe kwa jembe na mpira wa maji wa kupimia usawa mwaka aliomwoa Mama, na sherehe zote za ukoo zimechezwa pale. Alisema amepima oili mahali pale miaka yote na kijiti hakijawahi kudanganya. Kisha akayaacha maneno yake katikati, akautazama uwanja. Aliagiza beseni. Tukaliweka chini, tukajaza maji, na maji yakagusa ukingo upande wa korongo huku upande wa pili yakiwa mbali kabisa. Baba alipiga magoti akaupitisha mkono juu ya yale maji kwa kuwa hakuyaamini macho yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alikagua kila kitu isipokuwa ardhi.

Tulishuka kwenye migomba nyuma ya nyumba yako. Chini ya majani makavu tukakuta ufa, umekatiza kihamba, shamba letu la ukoo, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na mkono wangu ulizama hadi kiwikoni bila kugusa kitu. Kila mvua ilikuwa inakwenda humo. Mama akasema kumbe ndiyo maana mlango wa nyumba yako umekuwa ukikwama, na maji ya kuku yanamwagika upande mmoja. Kila mmoja wetu alikuwa na kisingizio chake kwa kila jambo. Niligeuka nikautazama mlima, mawingu yalikuwa yamefunguka na kilele cha Kibo kimekaa pale juu, cheupe na kimya. Niliogopa, lakini si kwa kutaka kukimbia. Nilitaka kupiga magoti. Tumezaliwa juu ya mgongo wa kitu kikubwa hivi, tunalima, tunazika, tunaoa juu yake, na kilipojisogeza kidogo tukailaumu injini.

Sasa naomba ukumbuke neno langu la mwanzo. Nyumba yako haipo, Kornel. Ile uliyoijenga ili watoto wapate pa kulala Krismasi, ambayo Baba na Mama walihamia kwa kupenda dari yake, imekwenda korongoni pamoja na uwanja wote wa Baba. Ilikuwa mwishoni mwa masika, mchana, tukiwa tunakula katika nyumba ya zamani huku juu, kwa maana tulikuwa tumewahamisha wazee wiki hiyohiyo. Ilisikika sauti moja ya chini sana, niliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Tulipotoka, palikuwa na hewa mahali palipokuwa na paa. Mama alianza kusali Salamu Maria akaisahau katikati. Pale palipokuwa na kitanda chao pamebaki shimo. Mlango wako, madirisha na picha ya harusi tulikuwa tumeshavipandisha kwa ile pikapu, viko salama.

Tangu siku hiyo umenipigia mara nyingi, nami nimekujibu kwamba kwetu ni kwema. Sikukudanganya kuhusu watu. Kuhusu nyumba sikuwa na mdomo wa kukwambia, najua jasho lako limelala pale. Ukinikasirikia utakuwa na haki, ila njoo unikasirikie hapa. Mabwana wa ardhi wamekuja, wamesema huku juu ni mwamba na hatuna haja ya kuhama, lakini chini kule pasijengwe tena. Tutapanda miti tu.

Baba amezitoa spana guniani. Anamwambia kila anayemtembelea kwamba injini yake haijala hata tone, na wageni wanadhani mzee amechanganyikiwa, kwa kuwa wao wanamuuliza habari za nyumba. Pikapu sasa inalala chini ya dirisha la chumba mtakacholala Krismasi. Ameagiza ipimwe oili kila asubuhi hapohapo, na nimsomee kwa sauti. Ninasoma, yeye anaitikia kwa kichwa, ndipo anakunywa chai.

Mama anakusalimu na kumsalimu Victoria sana, na anawabusu wajukuu. Baba anasema usilie, kuni hazijaisha na paa la huku halivuji. Tusalimieni na kila anayetuulizia huko. Aika, asante, kwa kusoma mpaka hapa bila kunikatiza.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Margareta

Nimeifungua bahasha tena ili kuongeza hili. Usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha, kubwa, isiyo ya msimu. Nimekwenda kupima nikiwa na kanga tu mabegani, na Baba tayari amesimama dirishani akisubiri nimsomee. Oili iko palepale.