Mzito na Mwepesi Kule Ondiri

Mpendwa Baba Brayo,

Nimerudi Ondiri. Nilikuwa nimeapa mguu wangu hautakanyaga tena kile kinamasi, na wewe ndiwe uliyenisikia nikiapa, nikikata sukuma kwa hasira mpaka ukauliza, "Kwani hiyo mboga imekukosea nini?" Sasa nimeenda, nimerudi, na wa kugombana naye hayuko. Brayo akinikuta nikiongea na picha yako ukutani ananiambia, "Mathe, pumzika." Kwa hivyo nakuandikia, maana karatasi hainiambii nipumzike.

Unakumbuka tulivyoenda mara ya kwanza. Jumuiya yetu ya Kawangware iliungana na ile ya Kibera, tukaazima basi la shule, kila mtu akabeba chakula chake. Katekista alisema twende tukaone uumbaji kabla haujaisha. Wewe hukutaka kabisa. Ulikuwa na kitanda cha mteja hakijapigwa vanishi, na ukasema hujawahi kusikia mtu mzima akifunga kazi aende kuangalia matope, na matope yako hapa nje ya mlango. Nikakubembeleza. Nilikupikia chapati za kubeba, nikakupigia pasi ile shati ya kijani. Ndiyo, nilikupamba mwenyewe kwa mikono yangu, halafu nikaenda kukukabidhi kwa mwingine.

Ukisimama pembeni, Ondiri unaiona kama shamba la majani mtu angelishia ng'ombe. Ni Wanjiru, yule msichana mrefu wa kutembeza wageni, aliyetuambia tusidanganyike. "Hii si ardhi," alisema akigonga chini na gambuti lake. "Ni mizizi na matete yamefumana yakawa mkeka, na mkeka unaelea. Chini ni maji." Akatueleza maji ya mto wa Nairobi yanaanzia huko, na vile pampu za watu wa mboga zinavyoyavuta, na mikaratusi iliyopandwa ukingoni inavyoyanywa, na korongo wenye taji kichwani ambao zamani walikuwa wengi. Watu wakaguna kwa huruma. Wewe uliuliza kitu kimoja tu, kwamba hayo maji yana kina gani. Wanjiru akasema aliyeenda kupima hajarudi kutuambia. Tulicheka sote, wewe ukafunga kifungo cha shati.

Halafu akatoa sheria yake. "Tunaingia wawili wawili, mzito na mwepesi, mkono kwa mkono. Wazito wawili wakisimama pamoja, mkeka unatoboka. Mguu wa mmoja ukizama, mwenzake anamvuta. Na msiachiliane mpaka niseme."

Alitupanga kama mtu anayepanga viazi sokoni. Hakuuliza nani ni bibi ya nani. Mimi wakati ule nilikuwa nimejaa, wewe mwenyewe ulikuwa ukijisifu kwa marafiki zako kwamba umeoa nyumba ya mawe. Na wewe na hayo mabega ya kubeba mbao, nani angetuweka pamoja? Mimi nikapewa Mzee Wafula, mpiga ngoma wa kwaya, mwenye mkono mkavu kama mwiko. Wewe ukapewa Rozi.

Rozi wa Olympic, kule Kibera, muuza marinda ya mitumba. Rozi wa kiuno cha nyigu na kucha nyekundu, aliyekuja kwenye matope amevaa herini. Alinyoosha mkono wake, na wewe ukaushika.

Baba Brayo, ngoja nikuambie kitu ambacho sikuwahi kukuambia vizuri, kwa sababu kila nikianza nilikuwa nafoka. Miaka yote ya ndoa yetu hukuwahi kunishika mkono njiani. Ulikuwa unatangulia mbele, mimi nyuma na mizigo, na nikikuambia punguza mwendo unasimama bila kugeuka. Ulisema kwenu mwanaume akionekana ameshika bibi yake barabarani watu watasema amekaliwa chapati, bibi ndiye anamtawala. Unakumbuka ile mvua iliyobomoa daraja la mbao pale mtaroni, karibu na kwa muuza makaa? Uliruka ukafika ng'ambo. Nikanyoosha mkono. Ukaangalia kushoto, ukaangalia kulia, ukaona mafundi wenzako wamejikinga chini ya mabati, ukaninyooshea ncha ya mwavuli. Nikavuka nimeshika mwavuli. Nilicheka nikavuka, kwa sababu ningefanya nini, lakini ilinikaa hapa kifuani.

Sasa jiweke mahali pangu. Niko nyuma na Mzee Wafula, chini panatitia, matete yanainama kila tukikanyaga, na watu wanapiga kelele za kuogopa na kufurahi. Macho yangu hayakuona korongo. Hayakuona yale mafunjo marefu Wanjiru aliyokuwa akituonyesha. Yaliona mkono wako, ule uliokuwa mzito kunyooka mtaroni, ukiwa ndani ya mkono wa Rozi, mbele ya jumuiya mbili na katekista.

Hiyo ningeimeza. Sheria ni sheria. Lakini tulipofika upande wa pili, Wanjiru alisema, "Haya, hapa ni pagumu. Mnaweza kuachiliana." Watu wakaachiliana. Mzee Wafula aliniachilia kama mtu aliyetua gunia. Wewe hukuachilia. Ulitembea naye, ukatembea, mkapita wale waliokuwa wanajipanguza matope, mpaka kwenye ule mti ulioanguka. Hapo ndipo mkono ulitoka.

Zile hatua nimeishi nazo. Nilizibeba kwenye basi, nikazipika na ugali, nikalala nazo katikati yetu kitandani. Nilipokuuliza ulisema, "Ah, Mama Brayo, si ni kinamasi tu?" Nikakujibu kinamasi hakipaki rangi kucha. Nilimtafuta Rozi kwenye kila shati yako. Wewe ulinyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kulinichoma, kwa sababu mtu asiye na kitu husema hana kitu. Mwishowe ulichoka ukasema, "Tutarudi huko, wawili tu. Nitakushika mpaka uchoke." Ulisema ukipiga randa, bila kuniangalia. Nikaanza kungoja.

Halafu presha ikakuangusha hapo hapo kwenye karakana, juu ya vumbi la mbao. Hospitalini nilikushika mkono, nani angenikataza? Lakini ulikuwa ule wa kulia, ule uliokufa ganzi. Nilifinya, haukufinya. Nilikaa nimeushika mpaka muuguzi akaniambia nitoke, na hata siku tuliyokuzika nilikuwa bado nangoja unishike na wewe. Mjane mzima, na wivu wangu hata hukuondoka nao.

Basi mwezi uliopita jumuiya ikaamua kurudi, kupanda miche pale ukingoni walipong'oa ile mikaratusi. Nilikataa. Halafu nikasikia Rozi anaenda, na nikajiandikisha. Usicheke. Sikutaka aende huko peke yake na kumbukumbu yangu.

Ondiri imepungua, Baba Brayo. Pale tulipoingilia mara ya kwanza sasa pamekauka, tulipita tukipiga stori kama watu walio njia ya Kawangware, na matete yamebaki vijiti. Wanjiru alituonyesha bila maneno mengi. Ilibidi twende mbali ndani ndipo pakaanza kutitia. Nikawaza, siku kinamasi kitakauka chote, hakutakuwa na sababu ya mtu yeyote kuambiwa amshike mwenzake. Nikasikia uchungu kwa ajili ya kinamasi, mimi niliyekitukana vile.

Wanjiru akatupanga. Mimi nimekonda, ungeniona ungeniuliza nyumba ya mawe imeenda wapi. Sketi zangu nafunga na pini. Na Rozi, nina furaha kukuambia, amenenepa. Amenenepa vizuri sana. Wanjiru akanitazama juu mpaka chini, akamtazama, akasema, "Wewe na wewe."

Ningekataa, lakini watu walikuwa wanaangalia. Nikampa mkono. Tukaingia, chini pakatetemeka, na ule mkono wake ulikuwa mkono tu, una joto, una alama ya sindano ya kushona kidoleni. Kucha hazina rangi siku hizi. Tulipofika katikati nikamuuliza. Nilikuwa nimejipangia kuuliza kwa ukali, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Rozi, siku ile. Kwa nini hakukuachilia?"

Hakujifanya hajui siku gani. "Aliogopa tu," alisema. "Alitetemeka njia yote. Aliniambia alipokuwa mtoto maji yalimchukua ndugu yake, kule mto Nzoia. Tulipofika pagumu miguu ilikuwa imekataa, akaniomba, 'Ngoja kidogo, wacha miguu ikae sawa.' Akanikataza nikuambie. Ati bibi yake anamjua kama mwanaume asiyeogopa kitu."

Ulikuwa na ndugu aliyekufa maji. Nimekuzalia, nimekuzika, nimeshika jeneza lako, na ni Rozi wa mitumba anayeniambia. Nilikuwa nimekuja kuchukua mkono wako, nikakuta ameshika na hofu yako pia. Wivu ulinipanda upya, mkubwa kuliko wa kwanza. Ningejua ulikuwa umempa busu ningepona haraka.

Halafu nikamwambia, "Nionyeshe vile alikuwa anashika." Akageuza mkono wake, akanishika hapa, chini kidogo ya kiganja, kidole gumba juu ya mshipa, kwa nguvu. Vile ulivyokuwa unashika ubao usiteleze. Nilijua huo mshiko. Niliutazama kila siku mbao zikiupata.

Tukafika upande wa pili. Wanjiru akasema, "Haya, hapa ni pagumu. Mnaweza kuachiliana." Watu wakaachiliana. Rozi akalegeza vidole.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Akangoja. Tukapita waliokuwa wanajipanguza matope, tukaufikia ule mti ulioanguka, tukaupita.

Lala salama huko, na kama kuna mahali panapotitia, usione haya, shika mtu. Mimi bado nakasirika kidogo.

Mkeo aliyevuka kwa mwavuli,
Mama Brayo