Taa Nyekundu

Bugarama, Ngara

Dada Véronique,

Shikamoo. Huku maharage yamekubali, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Ni mvua tu isiyotaka kutuacha.

Umeniuliza mara tatu lini nitawaletea huko Nemba ile video ya mama, mjue baba alizikwa sehemu gani kule kambi ya wakimbizi ya Lukole, mkaweke msalaba. Dada, sina cha kuleta.

Siku ile ya kumrekodi mama niliifunga kamera kwa mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, na taa nyekundu ya kurekodi sikuiona. Kitufe ni kimoja: ukibonyeza inarekodi, ukibonyeza tena inaacha. Kumbe nilishakigusa njiani. Nafanya kazi peke yangu, hakuna wa kuniambia. Betri ikaisha kabla sijabonyeza tena, na nilipopata pa kuichaji, mama tulishamzika.

Nilikuta dakika ishirini za matope na viatu vyangu.

Miaka yote alikataa kulitaja kaburi lile. Siku ile alieleza kila kitu, mpaka akalia. Mimi nilihangaika na mwanga usoni mwake. Maneno, nikajiambia, nitayasikiliza baadaye.

Usiniambie nijaribu kukumbuka. Nimejaribu. Nakumbuka mwanga.

Mwisho wa ile video ya viatu kuna sauti yake: "Umeshawasha, mwanangu?"

Najibu, "Ndiyo, mama, sema."

Halafu nabonyeza, na video inaishia hapo.

Mdogo wako,
Evaristi