Fulana Nne Kabatini kwa Baba

Dada Maricruz, kaa kitako kwanza, maana hili hutaliamini hata nikikuapia kwa Bikira Maria wa Guadalupe.

Maharage yako jikoni, yapashe tu. Usimwamshe Baba, karudi kutoka kazini alfajiri.

Sasa sikia. Leo ndiyo mwisho wa kuchagua chuo kikuu. Miaka miwili hapa koleji ya mtaani, ya kujiandaa kwa chuo kikuu, nimekiota kile cha filamu cha Los Angeles, nacho kimenipokea; ukiingia tu unakabidhiwa kamera. Lakini Baba tangu Pasaka wimbo ni mmoja: "We binti, kwani filamu hapa kwetu hazipo?" Nikamhurumia. Mama hayupo, na mimi niondoke? Basi asubuhi hii nikabonyeza kwenye simu: nimekubali chuo cha karibu.

Nikaenda kutafuta pasi kabatini kwake. Dada, nimekuta nini? Fulana nne nyekundu za chuo cha Los Angeles, zimekunjwa vizuri, za kuvaa familia nzima jioni kwenye sherehe ya koleji. Yangu, yako, na yake imeandikwa BABA WA MWANACHUO. Ya nne ya mbwa! Kumbe mzee alikuwa ananitania muda wote ili nisishtukie!

Nimemkimbilia mshauri wangu wa koleji, Bi Thao, labda bado inabadilishika.

~~Mwambie Baba taratibu~~ Usimwambie Baba kitu! Mbwa hajala.

Na ikishindikana, je? Niivae fulana ile, nimtazame usoni? Ungekuwa wewe, Dada, ungefanyaje?

Mdogo wako,
Yaretzi