Askari Sitini na Posa ya Mungaa

Singida Mjini
3 Machi 2024

Kwa shangazi yangu Damari,

Shikamoo shangazi. Magoti yanasemaje, bado yanagoma ukienda kisimani? Na yule mbuzi wa jirani bado anakula kunde zako? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, mkanda umerudi tundu moja nyuma.

Naandika kwa sababu simu yako imekufa, na habari yenyewe siyo ya kumpigia jirani akusimulie. Shangazi, nimepata mke. Anaitwa Aneth, binti wa Mzee Sostenes wa Mungaa. Ni fundi cherehani hapa mjini, hatua kumi kutoka kwenye meza yangu ya makava ya simu. Kila siku ananicheka, na mimi kila siku naamka natafuta cha kuchekwa. Wazazi wangu wametangulia, wewe ndiye uliyenilea. Wa kwenda kuniposea ni wewe na baba mdogo Abraham.

Jambo jingine nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nina kazi moja ya raha tu, haina faida hata ya chumvi. Mwaka juzi nilinunua belo la midoli ya mtumba. Chini kabisa nikakuta maboksi yana askari wadogo wa plastiki, urefu wa kidole gumba, vipande vipande vimeshikana kwenye vijiti kama matunda kwenye tawi. Wengine wana vichwa vya ng'ombe, wengine ni mifupa mitupu imeshika mapanga. Nawakata kwa kikata kucha, nawagundisha, nawapaka rangi. Wamefika sitini. Jumapili baada ya ibada tunawapanga mezani na Abdulhamidi wa duka la vifaa vya ujenzi, tunapima hatua zao kwa futi ya Aneth, tunarusha dadu, vita inaanza. Nimempiga mara nne. Yeye atakwambia mbili.

Jibu haraka shangazi, huyu binti wasije wakamwona wengine.

Mwanao,
Hezekia


Ulemo
19 Machi 2024

Hezekia,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Mbuzi ameuzwa. Simu sinunui mpaka alizeti itoke.

Barua yako nilifurahi nayo siku mbili. Siku ya tatu akaja mtu kutoka Mungaa na ujumbe. Kumbe Emiliana, shangazi yake huyo binti, alipita kwenye meza yako kununua kava. Anasema alikukuta umeshika kishetani chenye pembe unakipulizia mdomoni, na wenzake wamejipanga kwenye rafu wanatazama. Amefika kwao amesema binti yao anataka kuolewa na mganga. Neno lao ni moja: vitu hivyo vichomwe, ndipo sisi twende.

Mimi ni mzee wa kanisa, huu mwaka wa kumi na tisa. Unataka nikae kwenye viti vya watu nieleze habari za mifupa yenye mapanga? Vichome. Ni plastiki, vitaisha kabla chai haijachemka. Nikipata habari ya moshi, nabeba mkoba naenda.

Shangazi yako,
Damari


Singida Mjini
24 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru Mungu kwa magoti, na mbuzi nampa pole huko aliko. Huku tu wazima, mvua inanyesha kama imelipwa.

Shangazi, nilikuwa napuliza rangi ikauke! Feni sina, feni yangu ni mdomo. Mama Emiliana angeuliza tu, ningempulizia na yeye kava lake.

Lakini sichomi. Usione nimekudharau, naomba unisikilize. Wa kwanza kabisa nilimpaka rangi ya kucha, nikamwona kisigino kinayeyuka kama mshumaa. Nikajifunza. Sasa natumia rangi ya maji, nyepesi, naipaka mara mbili. Ukipaka nzito mara moja, sura inajaa na macho yanazama. Brashi ya macho ni ya wanja, nimeipunguza mpaka zimebaki nywele tano. Jicho moja naweza kulirudia asubuhi nzima. Mimi huyu, shangazi! Niliyeishia darasa la tano, mwalimu akasema siwezi kutulia hata nikifungwa kamba! Na chini ya miguu nawagundishia mchanga wa Ulemo, ule niliochota Krismasi ukaniuliza kama natafuta dhahabu.

Nilimuuliza Aneth. Akanijibu bila kuinua macho, "Ukivichoma kwa sababu ya shangazi Emiliana, mwakani atakwambia uchome na cherehani yangu."

Nikamwambia basi niseme nimechoma, niwafiche kwa Abdulhamidi. Akasimamisha cherehani. "Yaani uingie kwetu kwa uongo? Siku ukinidanganya mimi, nikamlalamikie nani?"

Kwa hiyo sichomi, na sisemi nimechoma. Nakutumia watatu kwa Leonidas, konda wa basi: mwenye pembe mmoja, mfupa mmoja, na bibi mmoja mwenye fimbo. Wakague. Wakikuuma nitawachoma kwa mkono wangu.

Mwanao mkaidi,
Hezekia


Ulemo
14 Aprili 2024

Hezekia,

Marahaba. Mimi sijambo, nimepalilia mpaka mgongo umeota kutu.

Wageni wako walifika. Nimewaweka mezani wiki mbili, karibu na chumvi. Hawajauma, hawajala, hawajachafua. Wamewazidi wageni wengi. Yule bibi umempaka mpaka mikunjo ya kilemba. Sijui subira hiyo uliitoa wapi, kwangu haikuwepo ya kuazima.

Lakini mimi siye ninayetoa binti. Wewe una kichwa kigumu, wao wana sharti lao, na binti wa watu yuko katikati. Sitakubali uzeeke kwenye meza ya makava kwa ajili ya mifupa. Nitakwenda Mungaa siku nitakayopanga mwenyewe. Nitakachosema huko usiniulize. Wewe kaa kimya, na hao watu wako uwaweke mahali ambapo mtu haoni.

Shangazi yako,
Damari


Singida Mjini
12 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Alizeti zimeshainamisha vichwa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una mbio.

Soma hii kabla hujafunga mkoba. Mzee Sostenes amekuja.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nabishana na mteja, naona mzee wa koti zito na fimbo kasimama ananitazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hezekia ndiye wewe?"

Nikakubali, huku natamani niwe mtu mwingine.

"Wako wapi?"

Shangazi, uliniambia niwafiche, na walikuwa wamefichwa, ndani ya boksi la biskuti chini ya meza. Nikafikiri kidogo tu. Nikawatoa. Nikawapanga kwenye ubao hamsini na saba, maana watatu unao wewe. Hakumgusa hata mmoja. Akawazunguka taratibu kama mtu yuko mnadani. Akamwonyesha kwa fimbo mmoja mwenye kichwa cha ng'ombe. "Huyu umekosea. Pembe huwa na weusi kwenye ncha."

"Nitarekebisha, baba."

"Rekebisha. Sasa geuka, tazama ukuta."

Nikageuka. Watu wameshaanza kujaa, hakuna anayenunua kitu.

"Haya, tazama hapa. Usihesabu."

Nikatazama. "Baba, umemchukua yule wa kisigino kilichoyeyuka."

Akafungua kiganja, yumo. "Geuka." Mara ya pili kamchukua mpiga ngoma, nikamtaja. Mara ya tatu natazama, narudia kutazama, jasho likaanza kunitoka. Wote nawaona. Nikasema liwalo na liwe: "Baba, hapa hujachukua mtu."

Akanyoosha viganja vyote viwili, vitupu. Watu wakapiga makofi. Aneth alikuwa amejificha nyuma ya gauni la mteja, miguu tu inaonekana.

Mzee hakucheka. "Hawa hawatoi maziwa," akasema. "Unajisumbulia nini?"

"Baba, mchana kutwa nauza vitu vilivyotengenezwa na wengine. Hawa nimewamaliza mimi."

Akasema, "Mh." Akachagua chaja, akaomba nimpunguzie, nikampunguzia, akaenda zake. Hiyo "mh" nimeigeuza huku na huku kama noti ninayoitilia shaka, sijaielewa mpaka leo.

Sasa shangazi, nakuomba kwa magoti yangu, nikiongeza na ya kwako. Ukienda usiseme nimechoma. Ameshawaona kwa macho yake. Ukisema wameungua, tumekwisha mimi na wewe, na Aneth naye tumemwaibisha kwao. Kama watakataa, wakatae ukweli.

Mwanao,
Hezekia


Ulemo
9 Juni 2024

Mwanangu Hezekia,

Marahaba. Nimeamka salama, alizeti imeingia ndani, na jirani amenunua mbuzi mwingine.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili Mei nimeipata jana. Leonidas alihamishiwa njia nyingine, ikakaa kwenye koti lake muda wote huo. Na Mungaa nimekwenda Jumamosi ya tarehe mosi. Kwa hiyo soma uone jinsi Mungu anavyowavumilia wazee wake wa kanisa.

Nilitoka hapa na uongo nimeshaupiga pasi. Kwamba ulichoma Ijumaa Kuu, nyuma ya nyumba, mimi nikiwa nimesimama naona. Hata harufu nilishaiandaa. Abraham nilimwonya asifungue mdomo ila kwa kula.

Tukapokewa vizuri, tukapewa viti, ukaletwa uji. Emiliana hakungoja hata upoe. "Mama, vile vitu vimechomwa?"

Mzee Sostenes anachokonoa meno. Hapo Aneth, aliyeitwa nyumbani kwa ajili ya ugeni wetu, akaja na maji, akaninawisha. Akanitazama. Hakuwa ananiomba kitu. Alinitazama kama mtu anayejua nitasema nini, na ameshanisamehe. Hezekia, hapo ndipo nilipopata hasira. Nisamehewe na mtoto, mbele ya uji?

Nikasema, "Havijachomwa. Nilimwambia achome, akakataa. Nilimwambia afiche, sijui kama amesikia. Vitatu viko mezani kwangu karibu na chumvi. Si uganga, ni mchezo, na anaufanyia bidii ambayo shambani kwangu hakuwahi kuionyesha. Kama mnataka mtu wa kuchoma mali yake akiambiwa na mpita njia, huyu siye. Mtafute mwingine."

Abraham akaanza kutafuta kofia yake.

Mzee akatoa kijiti mdomoni. "Vitatu," akasema. "Basi ndio hao. Nilikwenda kwake mwezi uliopita, mstari wa nyuma aliacha nafasi za watu watatu. Nikasema huyu kuna walio mbali anawakumbuka."

Yaani alishafika! Alishaona! Nilitazama chini kutafuta shimo la kuingia.

Emiliana akaanza tena habari za mapepo. Mzee akamwambia, "Emiliana, una kuku watano, na kila jioni unawahesabu kwa kidole. Huyu kijana wake anawajua bila kuhesabu. Kaa chini." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, ungesema amechoma, ungemaliza uji wako nikakutakia safari njema."

Wamekubali. Siku yako ya kufika kwao ni Jumamosi, tarehe ishirini na mbili. Vaa suruali nzima, hizo zilizochanika magotini waachie wauza mitumba wenzako. Habari ya mahari tutaongea sisi wakubwa. Mzee amesisitiza ng'ombe wawe wanaokula majani. Uje na jeshi lako lote, ameagiza mwenyewe. Hawa watatu nitawaleta mimi, nimewafunga kwenye leso ili mfupa usivunjike mkono.

Mimi nimepona aibu kwa kusukumwa na binti aliyeshika jagi la maji. Ule uongo bado uko mkobani, umenyooka vizuri, haujavaliwa hata mara moja. Sijui nimpe nani.

Shangazi yako,
Damari