Kibao cha Hester

Mtaa wa Doveton,
Ballarat, Victoria.
9 Julai 1974

Mpendwa binamu Hester,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii inayopenya hadi kwenye mifupa. Natumaini Toronto inakutendea wema zaidi kuliko Ballarat inavyotutendea sisi, na kwamba mgongo wa mumeo Ansel umepona. Mimi ni mzima, bado nagombana na kila gazeti linalothubutu kuchapishwa. Mama yako ni mzima wa mwili; macho ndiyo yamekwisha. Daktari anasema kilichobaki ni mwanga na kivuli tu, na hata hicho si cha kudumu.

Uliuliza kama ni kweli amekuwa maarufu. Ni kweli, na ndicho kinachonitia kichefuchefu. Alianza kuchonga vibao vya picha, vya kupakwa wino na kuchapwa karatasini, akiwa kibarua wa kiwanda cha jamu Melbourne, akiokota vipande vya linoliamu, kitandiko kile kile cha sakafu za jikoni, kwa sababu shaba na mbao za maana zilikuwa za wanaume. Wakubwa wa sanaa wakamwita fundi sakafu, miaka arobaini. Leo hawezi kutofautisha kikombe na birika, ndipo wanapopanga foleni mlangoni na keki mikononi. Nchi hii haimpendi msanii mpaka iwe na hakika kwamba hatatengeneza tena kitu kipya.

Mwezi uliopita alikuja mmoja kutoka Sydney, Rupert Hallam, mwenye duka la picha. Alitaka mama yako ampe vibao vyote vya zamani ili avichape upya.

"Tuachie tu, Bibi Enid. Vitakaa mahali salama."

"Salama kwa nani, baba? Kwako?"

"Kwa taifa."

"Taifa! Nimelipigia hodi miaka arobaini, likaniambia mafundi wapitie mlango wa nyuma. Na wewe ukitoka pitia huko huko, kuna matope mazuri."

Nilicheka hadi nikakohoa. Lakini alipoondoka tu, shangazi akadai kisu.

Desturi ya wachongaji unaijua: nakala zikitimia, mchongaji hukichana kibao kwa kisu pembe hadi pembe, kisha huchapa karatasi moja yenye mkwaruzo huo, ili asitokee mtu wa kuchapa tena kwa jina lake. Mama yako hakuwahi kufanya hivyo. Alivipenda mno vibao vyake. Sasa akaamua kuvichana vyote kabla hajafa. Nilimpinga kwa hoja ambazo zingeangusha serikali.

"Umemaliza hotuba, Lindsay? Haya, nipe kisu."

Kimoja tu alikitenga. Kilikuwa chako: msichana wa miaka tisa, umefumua nywele unazikausha karibu na jiko. Alikichonga kabla ya vita na hakukichapa hata mara moja. Kwanza karatasi ziliadimika, halafu ukaondoka, halafu akakasirika, halafu akaona haya. Alitaka kiwe kazi yake ya mwisho, akutumie picha yake. Nilikiweka dirishani. Naye, kwa kutaka kukipapasa, akakihamishia mezani, kati ya vingine vinavyolingana nacho kwa ukubwa.

Jumanne iliyopita nilikuwa nimempa kisogo, nakoroga wino. Nikamsikia akipapasa kibao na kusema, "Hili ni shamba la baba, jembe limeshapita," na kisu kikalia. Nikapaka wino, nikatandika karatasi, nikaisugua kwa mgongo wa mwiko kama alivyonifundisha. Nilipoibandua, haikuwa mifereji ya shamba. Zilikuwa nywele zako, Hester. Na mstari mweupe umekata uso wako, kutoka paji hadi kidevu.

"Shamba limetoka?"

"Limetoka, shangazi."

"Mkwaruzo je?"

"Unaonekana vizuri."

"Basi, hilo limekwisha. Sasa niletee binti yangu."

Unanijua. Nimegombana na maaskofu, nimefukuzwa kazi gazetini kwa kukataa kulainisha neno moja. Na bado nikampa kibao cha shamba. Akapapasa mifereji ile polepole, akatabasamu.

"Nywele zake zilikuwa nzito hivi hivi."

Tangu siku hiyo tunachapa shamba hilo. Kila karatasi anaandika jina lako chini, kwa kubahatisha.

Katika kifurushi hiki zimo karatasi mbili. Moja ni shamba lenye jina lako. Nyingine ni uso wako, na haitakuwapo ya pili, maana jeraha ni refu na linoliamu haiponi. Nimeandika kweli maisha yangu yote, na sijaona aliyeokolewa nayo.

Nisalimie Ansel na binti yenu Maren. Baba anakusalimu, bado analaani magoti yake. Mungu akulinde, kama bado ana habari nasi.

Mama yako anashinda dirishani akimsikilizia tarishi. Tafadhali mwandikie upesi, nitamsomea mimi. Mwambie picha ile yenye jina lako umeiona, na umejiona humo.

Binamu yako akupendaye, aliyeishiwa maneno,

Lindsay Trewhella