Nyumba Yetu ya Mombasa

Mjukuu wangu Shabani,

Asalaam aleikum. Hapa Kibiti tu wazima, ila mama yako goti linamsumbua. Mpunga wa Salale mwaka huu umekubali.

Umesema unataka kununua nyumba huko Mombasa, ukaniuliza ile tuliyonunua mimi na marehemu babu yako iko wapi. Kwetu mtu akikuuzia nyumba, amekuuzia na pale iliposimama. Hatukujua kwamba huko nyumba huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. Sisi tulinunua kwa mwenye nyumba. Mwenye ardhi alipotaka kiwanja chake, alikuja kwa adabu, akanywa chai yetu, kisha akasema, "Chukueni nyumba yenu."

Babu yako akacheka, akidhani anataniwa. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Basi baba, uliza kwanza ya chini, ndipo utazame ya juu.

Sisi tuliweza kubeba mlango tu. Ndio huu wa uani, uliokuwa ukiubamiza utotoni, babu yako akikukemea, "Taratibu, utaibomoa nyumba!"

Ulidhani anaisema hii ya Kibiti.

Bibi yako