Masale ya Ndani: Kikao cha Mchango wa Bomba, Majitaka na Barabara

UMOJA WA WENYE VIWANJA, KITONGOJI CHA MFEREJI WA JUU, MAKUMIRA

Tarehe: Alhamisi, 12 Juni 2025. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi. Mlima Meru haukuonekana mpaka saa nne.
Mahali: Kibarazani kwa Mwenyekiti.

Waliohudhuria:
Mzee Elisaria, Mwenyekiti
Lilian, Katibu
Bw. Prosper, mjumbe wa vipimo na mwenye hosteli ya wanafunzi
Bw. Frederick, mjumbe wa vipimo
Bibi Hanna, mwanachama
Wanachama wengine 17

Hawakuhudhuria: Bw. Hans (yuko msibani Kikwe). Wengine sita hawakutoa taarifa.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA

Kikao kilianza kwa sala saa tisa na dakika ishirini badala ya saa nane. Bibi Hanna alikuwa amefika tangu saa saba na nusu. Bw. Frederick alimwamkia, "Shikamoo, bibi." Alijibiwa, "Marahaba, lakini sijaja kusalimiwa. Nimekuja kupimwa." Wanachama walicheka. Bw. Frederick hakucheka.

KUMB. NA. 2/6/2025: TAARIFA YA VIPIMO

Bw. Prosper alieleza kwamba kila mwenye kiwanja atachangia bomba jipya, mtaro wa majitaka na barabara ya vitofali kwa kadiri kiwanja chake kinavyopakana na barabara, shilingi 40,000 kwa mita. Yeye na Bw. Frederick walipima viwanja vyote 29 kwa kufuata masale, ile mimea ya majani marefu ya mpakani, kwa kuwa kila mtu wa hapa anajua kwamba penye masale ndipo penye mpaka.

Kiwanja chenye mita nyingi kuliko vyote ni cha Bibi Hanna, mita 94. Mchango wake ni shilingi 3,760,000, ulipwe kabla uchimbaji haujaanza Jumatatu.

Bw. Prosper aliongeza kwamba anaelewa mzigo huo kwa mjane mwenye ng'ombe wawili, na kwamba yuko tayari kumsaidia kwa kununua kipande cha chini cha migomba. Mwanachama mmoja aliuliza kama msaada huo ameuwaza leo au tangu hosteli ilipoanza kukosa nafasi ya maegesho. Mwenyekiti aliomba swali hilo liachwe.

KUMB. NA. 3/6/2025: MAELEZO YA BIBI HANNA

Bibi Hanna alisimama, akaambiwa akae, akakataa. Alisema, "Maji yenu ya mfereji yamepita kwangu miaka arobaini na saba. Sikumtoza mtu hata ndoo. Leo mnanitoza kwa sababu yalipita?" Alieleza kwamba kipande cha chini ndipo alipozikwa marehemu mumewe, Mzee Stanley, na kwamba hatakiuza akiwa hai.

Bw. Prosper alisema mfereji ni mambo ya zamani na sasa watu wanahitaji bomba. Bibi Hanna alimjibu, "Wewe baba, mfereji umeukuta unatiririka. Hukuushikia jembe."

Hapo mjadala ulitoka nje ya ajenda kwa muda wa dakika ishirini na tano. Wazee walikumbushana siku ya kusafisha mfereji kabla ya masika. Kila nyumba ilitoa mtu na jembe, na akina mama walipika loshoro ya mahindi na maziwa mgando chini kwenye daraja la magogo. Asiyefika alitozwa jogoo. Jogoo alipikwa siku hiyohiyo, na mwenyewe aliitwa aje kula. Mwenyekiti alikiri kutozwa mara mbili, akasema hajawahi kula kuku watamu kama wale wa kwake mwenyewe. Zilitajwa pia zamu za maji: kila nyumba ilikuwa na siku yake, na usiku wa zamu watu walilala madirisha wazi ili wasikie maji yakiingia migombani. Mama mmoja alisema bomba halina sauti. Katibu aliomba ajenda irudiwe.

KUMB. NA. 4/6/2025: DAFTARI LA MFEREJI

Katibu aliomba ruhusa kusoma daftari aliloachiwa na marehemu baba yake, aliyekuwa mwandishi wa mfereji. Ukurasa wa tarehe 3 Februari 1978 unasema hivi: "Bwana Stanley ametoa ukanda wa hatua sita upana, toka lango lake hadi korongoni, mfereji upite kwa ajili ya nyumba za chini. Ukanda ni mali ya wote. Masale yamepandwa pande mbili, ya nje barabarani na ya ndani migombani. Mpaka wa Stanley ni masale ya ndani."

Mwenyekiti alimuuliza Bw. Frederick kama waliona masale ya ndani. Alijibu kwamba walipoyaona ya barabarani waliweka tepu hapohapo, hawakuingia migombani. Bibi Hanna alisema, "Babu yako ndiye aliyeyapanda, mjukuu wangu. Pande zote mbili."

Kikao kilihamia kwenye eneo. Masale ya ndani yalikutwa, marefu kuliko mtu, yamefunikwa na magugu. Bw. Frederick alipima upya. Bibi Hanna anapakana na barabara langoni tu, mita 5.

KUMB. NA. 5/6/2025: MAAMUZI

(a) Bibi Hanna atachangia mita 5.
(b) Mita 89 ni za Umoja. Mchango wa mita hizo utagawanywa sawa kwa nyumba zote 29.
(c) Bw. Prosper alipinga (b). Baada ya kukumbushwa kwamba bomba la majitaka la hosteli litapita kwenye ukanda huohuo, aliondoa pingamizi.
(d) Bw. Frederick aliomba radhi. Alikatiwa jani la sale, ambalo hapa ndilo la kuombea msamaha, na Bw. Prosper mwenyewe ili ampe Bibi Hanna. Bibi alilipokea.

KUMB. NA. 6/6/2025: MENGINEYO

Bibi Hanna alisema bomba halipingi. Magoti yake yamechoka kuinama. Aliomba jambo moja. Banio la juu, maji yanapoingilia mfereji, limefungwa wiki mbili kwa ajili ya vipimo, na Jumatatu mfereji utafukiwa. Leo ni Alhamisi, zamu yake. Aliomba maji yafunguliwe mara ya mwisho.

Hakuna aliyepinga. Bw. Frederick na Bw. Prosper walitumwa banioni na majembe.

KUFUNGA

Mwenyekiti alifunga kikao kwa sala saa kumi na mbili na dakika tano jioni.

Mwenyekiti: Elisaria (sahihi)
Katibu: Lilian (sahihi)

*Nakala safi ilimalizika saa tatu usiku. Maji yalifika kwa Bibi Hanna saa tatu na dakika arobaini, yakasikika hadi nyumbani kwa katibu. Katibu alilala saa sita kasoro robo, dirisha likiwa wazi.*